Vitanda Vitano vya Kutoka Istanbul

Nchi nzima haina reli hata futi moja, halafu kuna mtu anauza tikiti za treni. Mtu huyo ni Thabit bin Yaarub, jirani yetu hapa Matrah, mji wa bandari Arabuni. Zamani vijana walikuwa wakipita ofisini kwao, kwa wakala wa meli, lazima wamchokoze.

"Bwana Thabit, treni ya Ansab inaondoka saa ngapi?"

"Imeshaondoka. Wewe ulikuwa unakunywa kahawa."

Unguja alikuwa karani wa meli, Malindi huko huko alikozaliwa. Mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, akaja huku na shati la mwilini, na tajiri mmoja akamchukua kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Kazi yake khasa ilikuwa meli ya posta. Inatia nanga nje, yeye anapanda mashua, anawapanga watu wa Karachi, wa Bombay, wa Basra. Treni zilimjia tu. Palikuwa na kitabu kinene pale ofisini, ratiba za treni zote za Ulaya, Mzungu mmoja alikisahau. Thabit hana mke, hana watoto, jioni hapa hakuna pa kwenda, basi akawa anakisoma kile kitabu. Kila mwaka akatokea mtu mmoja au wawili wenye mgonjwa wa kupeleka ng'ambo, naye ndiye wa kuwaandikia. Treni yenyewe hajapata kuiona ila kwenye picha.

Siku hizo ukimuuliza jambo asilolijua hasemi sijui. Mama yangu alimuuliza siku moja, watu mle ndani wanatawadha wapi? Akasema kila behewa lina birika lake. Alilitoa wapi hilo birika, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa, dada yake Thabit ni Bi Masouda. Mumewe ni Harub bin Sleyum, mtu wa Ansab, kijiji cha bara ya hapa, alikwenda Pemba mdogo akafungua duka, akaoa, akazaa, akarudi na wenziwe mwaka ule ule wa sitini na nne. Binti yao ni Muhsina. Mwaka wa sitini na tisa alikuwa na miaka kumi na sita, na ngazi ya nyumba yao hawezi kuipanda mpaka akae katikati. Midomo yake rangi ya zambarau, kucha vile vile. Daktari wa hapa Matrah alisema moyo una tundu, na tundu hilo hapa hapana wa kuliziba. Akaandika huku na huku, mwisho hospitali moja ya Uswisi ikakubali. Lakini afike kabla ya mwezi wa kumi, akichelewa nafasi anapewa mwengine. Na asipande ndege, pumzi yake haitohimili.

Kwa hivyo Thabit akakaa na kitabu chake. Meli mpaka Basra, treni mpaka Baghdad, treni mpaka Istanbul, na kutoka Istanbul behewa la kulala, usiku juu ya usiku, mpaka Uswisi. Wasafiri watano: Harub, Bi Masouda, Muhsina, mdogo wake Majid, na Bi Mahbuba, mama yake Harub, ambaye alisema mjukuu wake hapasuliwi na makafiri yeye hayupo.

Ruhusa ya kutoka nchini Harub aliihangaikia miezi, na kuipata wakati ule haikuwa mchezo. Nnayaeleza haya mtu asije akasema baba hakumtaka mwanawe. Alikuwa akimbeba mgongoni kumpandisha darini kulala, msichana mkubwa vile, kila usiku wa joto.

Wakakaa barazani kwao kupanga vitanda. Thabit akaeleza: chumba kimoja cha treni kina vitanda vitatu, kimoja juu ya chengine. Wanawake chumba chao, wanaume chumba chao.

"Mie nataka cha juu," Muhsina akasema.

"Wee ngazi ya nyumba inakushinda, utapanda cha juu?" mama yake akamwambia.

"Baba atanibeba."

"Baba yako yuko chumba chengine, bibi," Thabit akasema. "Huko atakubeba konda, Mfaransa."

"Astaghafirullah!" Bi Mahbuba akampiga Thabit kwa kipepeo alichokuwa akijipepea. Wakacheka wote, Harub pia.

Thabit akaandika telegramu kwa kampuni ya mabehewa ya kulala. Na hapa ndipo lilipoharibika, tena kwa adabu. Mtu wa huku hamtaji mke wake mbele ya watu, wala mama yake, wala binti yake aliyevunja ungo. Atasema nyumba yangu, atasema mama watoto. Thabit aliliona hilo, akaandika kama anavyoandika mtu mwenye heshima zake: Harub, Majid, Ummu Majid, Ummu Harub, Bint Harub; ummu kwa Kiarabu ni mama. Wazungu wa vitanda watajuaje? Waliona Majid wawili na Harub watatu, jamaa wa kiume, safi kabisa. Jibu likarudi: mabwana watano, vyumba viwili vya wanaume, na kitanda cha sita amepewa bwana mwengine, msafiri wa peke yake.

Thabit akaenda kwa shemeji yake.

"Shemeji, wanataka majina. Majina khasa, kama yalivyo kwenye pasipoti. Usiku konda anakusanya pasipoti za behewa zima, mipaka mingi, jina likipishana mtu anateremshwa."

"Waambie wanawake watatu."

"Nimewaambia. Wanataka majina."

"Pasipoti imo sandukuni mwangu, Thabit. Telegramu inapita kwa karani, inapita kwa tarishi, inapita sokoni. Jina la mama yangu lipite sokoni?"

"Ni majina tu, Harub."

"Kwenu." Harub akainuka. "Wewe hukai Ansab. Mimi kila Ijumaa nnakaa na watoto wa ami zangu, na kila Ijumaa wananiuliza kama kweli wanawake wa Zanjibar wanatembea uso wazi. Miaka mitano nnawajibu. Nna binti wa kuozesha akipona, nna mtoto wa kiume. Tafuta njia nyengine."

Bi Masouda alikuwa nyuma ya pazia, akasema, "Skuli Unguja jina langu lilikuwa likiandikwa ubaoni kila mwezi, na hakufa mtu."

"Masouda, nyamaza."

"Nimenyamaza. Mwanangu ndiye asiyeweza kupumua."

Hapakuwa na njia nyengine. Thabit aliitafuta. Aliandika tena, akaomba vyumba viwili vizima, vitanda sita kwa watu watano, wajipange wenyewe. Jibu likaja: majina, tafadhali, na upesi, msimu umejaa. Meli ya Basra ilikuwa imebaki wiki moja. Muhsina siku hizo alishaanza kulala amekaa, mito mitatu mgongoni.

Dada yake ndiye aliyemwambia. Alimwita uani akamwambia, "Kaka, yapeleke. Harub atajua tukishafika, na tukishafika atasamehe."

Akayapeleka. Masouda binti Yaarub. Mahbuba binti Nasir. Muhsina binti Harub. Mwenyewe aliniambia aliona kazi imekwisha.

Jibu lilikuja siku ya meli ya Karachi. Thabit yuko baharini na mashua, ofisi imefungwa, tajiri kaenda kusali. Tarishi wa telegramu alikuwa mzee wa Kibalushi, mtu mwema, kusoma hajui. Alipokuta mlango umefungwa akateremka mpaka penye kahawa, mdomoni mwa soko, wanapokaa wanaume mchana, akauliza nani atamfikishia Thabit. Palikuwa na karani mmoja wa duka la nguo, kijana wa Kihindi, Kiingereza anasoma, Kiarabu chake kizuri, naye alikuwa akijua kama watu wa Harub wana mgonjwa. Akaichukua ile karatasi, akaifungua. Na Harub kakaa pale, kikombe mkononi, na watoto wa ami zake wawili wameteremka kutoka Ansab kuuza ndimu.

Yule kijana alifurahi. Kwa furaha akaisoma kwa sauti.

"Hongera, Sheikh Harub! Wamepata! Masouda binti Yaarub, kitanda cha chini. Mahbuba binti Nasir, cha kati. Muhsina binti Harub, cha juu!"

Mtu mmoja, hata leo hawasemi ni nani, akasema, "Watu wa Zanjibar hawa. Hata wakilala wanatangaza."

Wengine wakacheka. Hawakucheka sana, lakini walicheka. Watoto wa ami zake hawakucheka, waliangalia chini, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Harub akaweka kikombe. Akamshukuru kijana, akaikunja karatasi, akaenda nyumbani. Thabit aliporudi kutoka baharini, nguo zimerowa maji ya chumvi, alimkuta shemeji yake anafunga mizigo. Akadhani ya Basra.

"Tunahamia Ansab," Harub akasema. "Hatuendi."

"Harub, mtukane mimi. Nipige. Lakini meli ni Jumanne."

"Sikutukani."

"Muhsina atakufa."

"Umri uko mkononi mwa Mungu, si mkononi mwa behewa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu ana miaka sabiini. Leo jina lake limekuwa kitanda cha kati."

Bi Masouda alilia, alikaa chini mlangoni asitoke mtu, Bi Mahbuba mwenyewe akasema, mwanangu, mimi nimeshazeeka, litajwe, lina nini? Harub akaendelea kukaza kamba za mizigo. Wakaondoka na punda, Muhsina kapakiwa juu ya magodoro. Alipopita mbele ya ofisi akamwambia Thabit, "Mjomba, cha juu mpe mtu mwembamba." Hakuwa na pumzi ya kusema zaidi.

Thabit alifuta vitanda siku ile ile. Wazungu wakajibu asante, kwa sababu palikuwa na watu wanavingojea. Hospitali nayo ilimpa nafasi mtoto mwengine.

Muhsina alifariki Ansab, baridi ilipoanza. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, akashika mfalme mpya, mambo ya nchi yakageuka, ruhusa ya kutoka haiombwi tena, kila mtu anasafiri. Ofisi ya Thabit inajaa watu. Wanampa majina ya wake zao bila ya kuulizwa. Yeye anaandika. Utani umekwisha, na kile kitabu hakisomi tena jioni, anakaa tu barazani mpaka usingizi umchukue. Dada yake haji Matrah.

Juzi Harub akaja. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Hawakusemezana tangu maziko. Akakaa barazani bila ya kukaribishwa, na mimi nilikuwepo, nikataka kuondoka, akanambia kaa.

"Thabit," akasema, "ile treni ingepita wapi?"

Thabit akamwangalia. Nilidhani atamfukuza.

"Istanbul," akasema mwisho. "Usiku. Asubuhi Bulgaria. Halafu Belgrade."

"Hapo tunashuka?"

"Hapana. Hapo mnalala tena. Halafu bahari upande wa kushoto, Trieste. Halafu Milano."

"Hapo?"

"Bado, shemeji. Kuna mlima, treni inaingia chini yake, handaki refu, giza."

"Refu kiasi gani?"

"Sijui," Thabit akasema.

Harub akatikisa kichwa, akajifuta uso na kilemba chake. "Endelea," akasema.