Udongo wa Mwalimu

Enzi za Mwingereza, katika shule ya misheni karibu na Mapera, mwalimu wetu wa fizikia alinichapa mbele ya darasa kwa sababu ya swali. Alikuwa ameeleza kwamba kitu kinachoteremka mlima, kikianza kikiwa kimetulia, huongeza kasi kila sekunde: kikienda hatua moja katika sekunde ya kwanza, ya pili kitakwenda tatu, ya tatu tano. Nikauliza kama maji ya mvua nayo hufanya hivyo, na kama ndiyo sababu mama yangu hulima kwa mashimo ya ngolo.

"Hapa tunasoma fizikia," alisema, "hatusomi mashimo ya panya ya mama yako."

Darasa zima lilicheka, ingawa wote walikuwa wamelishwa na mashimo hayohayo. Kwetu Umatengo wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatana, kisha wanawake huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo, mpaka mlima wote unajaa vishimo. Maji yakianza kuteremka hudumbukia na kutulia. Yakifurika, huanza tena kutoka sifuri. Lakini mwalimu alikuwa mtu wa ufukweni mwa ziwa, upande wa Lipingo, ambako muhogo hupandwa kwenye mchanga tambarare. Mlima kwake ulikuwa mchoro wa ubaoni.

Majeraha ya fimbo yalipona. Kile kicheko nilikwenda nacho mpaka chuo kikuu, Uganda.

Niliporudi likizo nilimkuta amepewa shamba mlimani, juu kidogo ya la mama. Alikuwa amelima matuta marefu, kutoka kileleni moja kwa moja hadi chini, na tayari amepanda mahindi.

"Msomi, unaonaje?" aliniuliza.

"Yamenyooka kweli, mwalimu."

Sikumdanganya. Yalikuwa yamenyooka.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana mmoja tu. Kesho yake shamba lake lilikuwa limebaki na changarawe nyekundu, na vishimo vya juu vya mama vimejaa udongo mweusi, mbegu za mwalimu zikiwa ndani. Akaja na kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Udongo wangu umeingia kwako. Naomba niuchukue."

Mama aliinamia kishimo kimoja. "Chukua tu. Ila utaujuaje ulio wako?"

Nikaona zamu yangu imefika. "Kwanza atufundishe, mama. Mwalimu, huu udongo ulipotoka shambani kwako ulikuwa na kasi?"

"Kasi kubwa."

"Na sasa?"

"Sifuri."

"Umesimamishwa na nini?"

"Mashimo."

"Ya nani?"

"Ya mama yako."

"Basi, mwanangu," mama alisema. "Mwenzako ana watoto. Msaidie kubeba."

Ni amri pekee ya mama niliyowahi kuikataa mbele ya mgeni. Nilikaa juu ya jiwe nikimtazama akipanda na kikapu kichwani, akiteleza, akishuka kuchota tena. Kupanda kulimchukua muda mrefu, kushuka muda mfupi, na kila aliporudi kwetu alikuwa palepale alipoanzia.

Kufikia jioni nikaona anakoumwaga. Alikuwa akiutandaza kwenye mistari ileile ya matuta, kutoka kileleni moja kwa moja hadi chini. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Nikamwambia, kwa heshima zote, "Pole na kazi, mwalimu," nikaingia ndani kula.