Mama Mkanda, mdogo wake na hotuba ya dakika kumi na moja

Saa tatu na robo asubuhi, Mama Mkanda anaifuta DVD kwa kitambaa cha miwani, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha mkono. Anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anaikagua kwa jicho moja, kisha anaisukuma ndani ya mashine. Kompyuta inaanza kukoroma.

Lakini yeye haitazami kompyuta. Anatazama upande wa pili wa korido, ambako watu saba wamekaa kwenye benchi wakisubiri mdogo wake aje kufungua mlango.

"Saba," anasema. "Na mwenyewe bado hajafika."

Kwake yupo mtu mmoja tu, naye ameingia kuuliza choo kiko wapi.

Mama Mkanda ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka ishirini na miwili alipiga video za harusi na mahafali, na jina hilo alipewa enzi za mikanda. Siku hizi kila mwalikwa ana kamera kwenye simu, hivyo kazi yake imegeuka: watu humletea DVD zao za zamani, naye huzitolea nakala ya kuhifadhi kwenye flashi au diski ya nje kabla hazijaharibika.

"DVD haifi ghafla," anaeleza. "Leo inakwama dakika ya arobaini. Mwakani inakwama dakika ya tano. Halafu siku moja mashine inakwambia humo ndani hamna kitu. Na mle ndani umo uso wa mama yako."

Mdogo wake, aliyemwachia ziwa, kwa mwaka wa tatu sasa hufanya kazi hiyohiyo kwenye chumba kinachotazamana na chake. Watu humwita Fasta, kwa sababu DVD ya saa mbili huimaliza kwa dakika kumi na mbili. Dada yake huchukua saa nne.

"Mimi ndiye niliyemfundisha hata kuwasha kompyuta," anasema Mama Mkanda. "Kipanya alikuwa anakishika kama kitamng'ata. Leo wateja wanapita mlangoni kwangu, wananisalimia vizuri kabisa, wanaingia kwake."

Ninapomuuliza anakabilianaje na ushindani huo, ananikatiza.

"Usiandike ushindani. Usiandike changamoto. Andika wivu. Nina wivu na mdogo wangu, na sikuanza jana."

Mwaka huu wivu huo ulimfikisha pabaya. Alimtuma binamu yao kwa Fasta na DVD ya harusi, akijifanya mteja. Flashi iliporudi, Mama Mkanda alijifungia ndani, akaikuza picha hadi ikajaa kioo chote. Ukuta wenye kivuli ulikuwa umekatika vipande vya mraba kama vigae. Bibi harusi alipogeuka, bega lake lilitoka mistari kama meno ya chanuo.

"Nilicheka peke yangu humu kama mwendawazimu. Halafu nikafungua nakala niliyoitoa mimi ya DVD ileile, nikaacha kucheka. Ya kwangu ilikuwa mbaya zaidi."

Hapo ndipo alipoanza kusaka programu bora ya kutolea nakala. Kwa wiki sita alijaribu tano, zote kwa kipande kimoja cha dakika tatu: bibi harusi mwenye shela ya lesi anashuka ngazi, mishumaa inawaka nyuma yake, watu wanamrushia vikaratasi vya rangi. Anasema programu ikiweza kubeba lesi, moto na vikaratasi kwa pamoja, itabeba chochote.

Ya kwanza ilikuwa na haraka, ikafanya nyuso za watu zikawa kama nta. Ya pili iliacha yale meno ya chanuo. Ya tatu iliandika jina lake katikati ya picha mpaka ulipie. Ya nne ilipeleka sauti nyuma ya midomo, "watu wanafumba midomo ndiyo kwanza unasikia vigelegele." Ya tano ilikuwa ya bure, ina sura ya kutisha na vitufe visivyohesabika. Ilipitia video mara mbili, mara ya kwanza kuisoma na mara ya pili kuibana ipungue ukubwa. Kwa DVD nzima ingechukua saa nne. Alipofungua faili, aliweza kuhesabu matundu ya lesi.

Watu wote wa korido ile waliamini anatafuta namna ya kumpiku Fasta. Hawakukosea. Lakini alikuwa na sababu nyingine, nayo ilikuwa kwenye droo.

Miaka kumi na saba iliyopita, Mama Mkanda alipiga video ya harusi ya mdogo wake. Baba yao, fundi saa, mtu wa maneno machache, siku hiyo alishika kipaza sauti akazungumza dakika kumi na moja. Alisimulia jinsi Fasta alivyozaliwa kabla ya wakati, jinsi alivyokuwa akimbeba kwenye kikapu cha vifaa hadi kibandani, jinsi mlio wa saa ulivyomlaza. Wageni walilia. Mama Mkanda, nyuma ya kamera, alisogea karibu ili amchukue vizuri. Baba akapunga mkono.

"Huyo mwenye kamera asogee pembeni," alisema kwenye kipaza sauti. "Ananizibia mwanangu."

Watu walicheka. Mama Mkanda alisogea.

"Nilijiuliza, na mimi je? Mimi ni mpiga picha wa kukodi?"

Wiki iliyofuata, alipokaa kuitengeneza DVD ya familia, aliikata hotuba ile ikabaki dakika nne. Kukata lilikuwa jambo la kawaida, kwani wateja walitaka kila kitu kiingie kwenye diski moja. "Za wengine nilikata kwa sababu ya nafasi. Ya mdogo wangu nilikata kwa roho mbaya. Nafasi ilikuwepo." Mkanda wenyewe aliutumia tena kwenye harusi nyingine. Ila kabla ya hapo, bila kujua kwa nini, alinakili hotuba nzima kwenye diski moja, akaitia kwenye droo bila kuiandika kitu.

Baba yao alifariki mwaka jana. Miezi michache baadaye, kaka yao mkubwa alitaka kila mtoto na mjukuu apate nakala ya hotuba hiyo. Kazi akampa Fasta.

"Hakuniuliza hata mimi niliyeipiga," anasema Mama Mkanda. "Lakini ningesemaje? Kaka alikuwa anazunguka akiuliza, 'Mbona nakumbuka Baba alisema mengi zaidi?' Mimi natazama sakafu."

Diski ya kwenye droo nayo ilikuwa imeanza kukwama. Alijua akiisubirisha, hata kukiri hakutakuwa na maana. Jioni moja, wateja wa benchi walipokwisha kuondoka, alivuka korido.

"Nikamwambia, 'Mdogo wangu, hii ni hotuba ya Baba, yote. Ile mliyonayo niliikata mimi. Niliikata kwa wivu.' Akaniambia, 'Dada, toka.' Nikaiacha mezani kwake, nikatoka."

Siku tisa Fasta hakumsemesha. Siku ya kumi alikuja, akavuta kiti, akaweka diski mezani.

"Mashine yangu haiisomi," alisema. "Ya kwako je?"

Mashine kuukuu ya Mama Mkanda, inayosoma polepole, iliisoma yote katika jaribio la tatu. Wakaitazama pamoja, bega kwa bega. Ilipofika pale pa "ananizibia mwanangu", Mama Mkanda aliinamisha kichwa. Fasta alirudisha nyuma, akatazama tena, kisha akasimamisha picha.

"Dada, mtazame macho. Ile taa ya kamera yako ilikuwa inamchoma usoni. Baba hakuwa anamwona aliyeishika."

Ninapomuuliza Mama Mkanda kama anaamini hivyo, anakikunja kile kitambaa cha miwani.

"Baba alijua ni mimi ninayepiga, aliniona asubuhi ya siku hiyo nikipanga nyaya. Pengine alisahau. Pengine ni taa. Mdogo wangu angeweza kuninyamazia, nilistahili. Kanipa taa. Nimeipokea."

Ilibaki kuchagua programu. Kila mmoja alitoa nakala yake, Fasta kwa ile yake ya kulipia, dada yake kwa ile ya tano. Walipozikuza, suti nyeusi ya baba kwenye nakala ya Fasta ilikuwa doa moja tu. Kwa Mama Mkanda zilionekana mshono, vifungo na mnyororo wa saa ya mfukoni.

"Ya kwako," alisema Fasta.

"Neno hilo nililisubiri miaka mitatu," anasema Mama Mkanda, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Tukamwita kaka. Akatazama zote mbili kwenye simu yake, akasema, 'Si zote sawa tu?' Tulimgeukia kwa pamoja! Alitafuta mlango."

Nakala iliyosambazwa kwa familia ni ile ya Mama Mkanda. Tangu hapo, mteja asiye na haraka Fasta humwelekeza kwa dada yake. Si wengi, wawili watatu kwa wiki, na kila mmoja hulipa kidogo kuliko nauli ya Mama Mkanda ya kuja kazini na kurudi.

Wivu je, umekwisha? Anaangalia benchi. Fasta ameshafika, na watu wamesimama wote kwa pamoja kumpokea, mmoja akimpigia makofi kwa utani.

"Unawaona? Roho inanichoma hapa nilipo."

Kisha anavuta daftari lenye orodha ya harusi alizowahi kukata hotuba. Ni kumi na nne ambazo bado ana rekodi zake nzima, na anataka kuzimaliza zote kabla ya mwisho wa mwaka, bila malipo. Wengi wa waliozungumza mle hawapo tena duniani.

Anachukua simu, anapiga namba ya kwanza. Inaita muda mrefu, kisha sauti ya mwanamke inaitika.

"Hujambo, mama? Ni mimi niliyepiga video ya harusi yako. Samahani kwa kukusumbua. Nina maneno ya mama yako hapa, ambayo sikukupa."