Boma Lililoshuka Kilimani

Alikuja asubuhi, kijana wa idara ya mambo ya kale, amevaa viatu visivyojua matope ya kijiji chetu cha Bashay. Shikamoo yake ilikuwa kamili, nami nikaitikia marahaba kwa moyo mweupe.

"Babu, naambiwa unalijua boma la zamani. Unaweza kunionyesha?"

Ninalo boma moja tu, na ni la zamani. Nikampeleka nyuma ya nyumba, nikamwonyesha ng'ombe.

Akacheka kwa adabu. "Siyo hili, babu. La walowezi."

Nikamwambia atazame ukuta. Akatazama, akaacha kucheka. Mawe yale yamechongwa pande zote, na ng'ombe wa kwetu hawajawahi kudai mawe ya kuchongwa.

Nikamsimulia kama nilivyosimuliwa na marehemu baba. Walowezi walipokitwaa kile kilima kilicho juu ya kijiji, walituogopa sana, wakaamua kujenga ngome ya kujikinga na sisi. Mawe yalikuwa chini mtoni, kwa hiyo wakatuita sisi tuliokuwa tunaogopwa, tuyapandishe. Baba aliyabeba kichwani msimu mzima wa kulima, shamba lake likalala bila mbegu. Lakini adui akikujengea ukuta, anajua kila tundu lake. Baba alijua hata mahali pa kupitisha mbuzi. Hakuna aliyewashambulia hata siku moja. Walikaa humo na bunduki zao, wakilinda viazi.

Walipoondoka, fisi wakahamia, na sikusikia mtu akilalamika kwamba majirani wamebadilika. Mwaka niliooa nikayashusha mawe. Yeriko ilihitaji tarumbeta. Ngome ile ilihitaji punda mmoja mvumilivu. Tangu hapo, namshukuru Mungu, fisi hajanichukulia hata ndama.

"Babu," kijana akasema, "haya mawe ni urithi wa taifa. Yanatakiwa yarudi kilimani kabla ya masika. Wananchi watajitolea kuyabeba."

Kujitolea. Hata baba aliambiwa hivyo hivyo, ila aliyemwambia alishika kiboko.

Mke wangu alikuwa anakamua. Akauliza bila kugeuka, "Na hawa ng'ombe walale wapi, mwanangu? Kwako?"

Nikaongeza, kwa upole niliofundishwa kwenye katekisimu, "Baba aliyapandisha, mimi nikayashusha. Sasa wajukuu wayapandishe tena, ili nani ajikinge na nani? Ukishikilia, basi anza na msingi wa kanisa. Nusu yake ni mawe hayohayo. Mimi na padri tutakuja kukutazama ukiyang'oa."

Akaandika kitu kwenye daftari, akakifuta, akaandika kingine. Kisha akanywa maziwa, vikombe viwili, akaaga.

Mawe hayakuondoka. Badala yake, kabla ya masika, kilikuja kibao cha chuma. Kule kilimani hakukuwa na kitu cha kukipa kazi, wakakisimika kwangu, kando ya lango: BOMA LA WALOWEZI. Aliyeyabeba hakutajwa. Nilisononeka siku mbili, nikaomba uvumilivu, nikapewa.

Siku hizi wageni hufika kutoka mbali. Husoma kibao, kisha huchungulia ndani kuwatafuta walowezi, na ng'ombe wangu nao huwatazama, wakicheua.