Zulia la Mwisho la Bi Mongia

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Mongia Ghribi ni ncha ya pua yake. Ilikuwa na weusi wa penseli, kama ya mtoto aliyesinzia juu ya daftari. Siku hiyo nilikuwa nimewasili mji wa Kairuan na shahada yangu mpya, nifundishe kuchora kwa akili mnemba katika chuo cha wafuma mazulia. Yeye alikuwa amefundisha hapo miaka thelathini na mmoja, akichora kwenye karatasi ya miraba, kila mraba fundo moja la sufi. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kula jicho la kushoto. La kulia, daktari alisema, lingefika majira ya baridi, si zaidi.

"Nataka zulia moja la mwisho," aliniambia. "Bustani ya baba yangu. Nilione likiwa zima, basi."

Nikamjibu kwa furaha kwamba kompyuta ingechora kwa dakika moja. Akaketi kando yangu akaeleza: mikomamanga saba, kisima, ukuta wa udongo. Mashine ikatoa ngamia.

"Baba hakufuga ngamia hata siku moja. Huyu katoka wapi?"

"Kafuata watalii, Bi Mongia!" alidakia Hayet, mwanafunzi wake, na darasa zima likacheka.

Nilibadilisha maelezo. Ngamia akaondoka, mikomamanga ikaja, mizuri ajabu. Kila nilipomwonyesha picha aliomba nyingine, nami kwa hamu ya kumpendeza nikatoa nyingine. Wiki tano zilipita hivyo, uso wake umegandana na kioo cha kompyuta. Hatimaye alichagua moja, akamwambia Hayet, "Haya, iite."

Kwetu mchoro huitwa: mmoja husoma safu kwa sauti, wenzake kwenye kitanda cha mfumi wakafunga mafundo. Hayet akasogea.

"Nyekundu mbili... nyekundu iliyofifia... kama nyekundu hivi... Mwalimu mdogo, hii nayo ni nyekundu gani?"

Picha ilikuwa na maelfu ya rangi na haikuwa na mraba hata mmoja. Sufi yetu ina rangi sita. Sikuwa nimeuliza.

Ikabidi Bi Mongia achore yote upya kwa mkono. Novemba, akiwa kwenye mkomamanga wa nne, aliweka penseli chini.

"Mmezima taa?"

Ilikuwa saa tano asubuhi.

Nilimwomba radhi. Zile wiki tano zingemtosha kumaliza mchoro wake, hilo tulilijua sote wawili. Hakuniambia kwamba si kosa langu.

"Zilikuwa picha nzuri," alisema. "Ila nilitaka kuona zulia."

Tangu hapo huita nusu iliyobaki kutoka kichwani. Wasichana hufunga, nami hujaza miraba kwenye karatasi kadiri anavyoita, ili isipotee.

"Bi Mongia, umeruka!"

"Nimeruka mimi, au umesinzia wewe? Nyeupe tatu, binti, halafu kijani."

Leo zimebaki safu kumi na nne. Jumamosi, kama ilivyo desturi, tutalinyunyizia zulia maji na kulikata kutoka kitandani, na mkasi atashika yeye. Amekwisha kutukataza kumsaidia. Tangu asubuhi ameniuliza mara tatu kama Jumamosi ni kesho au kesho kutwa.