Miti Mibichi ya Shimo la Tano

Kugonga kulitoka chini ya ardhi, mwanangu. Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Hivyo njo Papa Bahati, mzee wa wachimbaji wetu, alivyogonga kila muti kabla ya kuingia shimoni: anagonga, kisha anaweka sikio. Sasa aligonga kutoka ndani, na kilima cha Rubaya kilikuwa kimeketi juu yake na juu ya wachimbaji wanne. Ile siku hainitoki.

Nikurudishe nyuma kidogo. Vita ilikuwa imejaa Masisi yote, na mimi, kijana, njo nilichunga depo ya miti ya kushikilia mashimo. Papa Bahati alinifundisha kuchagua muti mukavu, uliolala miezi chini ya bati.

"Mukavu unalia mbele ya kuvunjika," alisema. "Mubichi unakuua kimya, sawa mama mukwe."

Nilicheka sana. Kisha Deo, patron mwenye shimo, akarudi toka Goma na akili mpya.

"Fabriki za Ulaya haziweki tena stoki. Kitu kinafika siku ile kinahitajika. Na weye unalaza miti hapa kama wagonjwa?"

"Patron, ile mibichi..."

"Weye ulisoma wapi?"

Sikusoma, kweli. Nikampa ufunguo wa depo. Akauza rundo lote kavu kwa wachoma matofali. Tukawa tunakata mikaratusi asubuhi, mchana inabeba kilima. Juma la pili niliteremka na tochi: miti ilikuwa imeota majani mule gizani, meupe kama vidole. Papa Bahati akagonga, akasikiliza.

"Huu muti haujajua kama ulisha kufa," akasema. Akaingia na wale wanne, maana patron alingoja mzigo, na kilima kikaketi.

Kugonga kuliisha siku ya tatu. Deo alisema hakuna njia ya kuwafikia.

Mwanangu, ukipewa stoki kuchunga, usione haya kwa kile kinacholala bila kazi; kinangojea siku ya kuokoa watu. Na mwenye masomo asikufunge kinywa kama nilivyofungwa mimi. Mungu akupe sikio la Papa Bahati, na kilima kikuache utoke.

Lakini weye Deo, uliye hai, nina neno. Siku ya nne nilikuona ukipokea magunia matatu ya mawe, udongo ungali na maji, na kila gunia lina etiketi iliyoandikwa shimo lilikotoka: shimo la tano. Lile lililomfunga Papa Bahati. Mawe yalipata njia ya kutoka. Watu waliikosa kwa nini? Jibu.