Kipimo Kilichohama na Maji

Watu wakinisifu kwa uaminifu huwa nageuza mazungumzo, maana mimi ndiye niliyezidanganya nchi mbili kwa miezi saba, tena kwa uaminifu mtupu.

Mume wangu alikuwa msomaji wa kipimo cha ziwa pale kwetu Muleba. Kipimo chenyewe kilikuwa nguzo ya mti iliyosimikwa majini karibu na ufuko, kwenye maji ya kifundo cha mguu, imepigiliwa ubao wenye namba zisizoanzia kwenye tope bali kwenye alama ya ofisi. Kila asubuhi alitazama maji yamefika wapi, akaandika daftarini, na mwisho wa mwezi daftari likaenda Bukoba. Bukoba nao walizipeleka namba kwa majirani zetu wa ng'ambo, wenye bwawa na milango ya kutolea maji ya ziwa. Vita vyetu na wao vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, lakini ziwa halina upande, ikabidi tuelewane. Likijaa wafungue, likipungua wabane.

Halafu mume wangu akaugua ukimwi, ambao siku zile tuliuita kwa jina la shati la magendo. Siku chache kabla hajafa aliniita akaniambia, "Soma kila asubuhi. Usiruke hata siku moja." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata. Ofisi ikaniachia kazi, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukanyaga tope kila alfajiri.

Kazi ile ndiyo iliyonibakiza nyumbani kwangu. Shemeji yangu wa Kanazi alikwisha kunitamkia mbele ya ukoo kwamba mjane asiye na mshahara hawezi kutunza kibanja. Siku nitakayofukuzwa, migomba na kahawa ni vyake, na mimi na wanangu turudi kwetu. Hakuficha, na alishawahi kuja kukipima kibanja kwa hatua, mikono nyuma, kama padri anayesali.

Basi mvua zikakata, ziwa likaanza kurudi nyuma. Marehemu aliniachia maji yakiwa kwenye mita moja na nusu. Asubuhi nilipoyakuta yameshuka vidole viwili, nilikasirika kabisa. Mimi ni nani nimwandikie chini ya hapo? Nikaamua kwamba nguzo ndiyo iliyobaki nyuma. Nikawapikia wavuvi wawili ndizi na maharage, wakaing'oa, tukayafuata maji yalikokimbilia. Niliwasimamia mpaka yakagusa mita moja na nusu, wala si chini wala si juu.

Pale ilipotoka nikapanda omulamula, ule mmea wa mipakani. Kwetu huwezi kung'oa alama ukaondoka hivi hivi, utaitwa mwizi hata na watoto. Tangu hapo, kila maji yalipopungua vidole viwili, wavuvi walikula ndizi na omulamula mwingine ulipandwa. Daftari langu likapendeza, asubuhi baada ya asubuhi namba ileile. Nilijiona mwanamke hodari sana, na wavuvi wale wakanenepa.

Kumbe Bukoba kunawaka moto. Dereva wa ofisi ndiye aliyenisimulia baadaye. Wakubwa wetu waliitisha kikao kuwalalamikia majirani kwamba wanatoa maji mno, wanatukaushia ziwa. Wakagonga meza. Mtaalamu mmoja wa ng'ambo akawasubiri wamalize, akafungua karatasi zetu wenyewe, akauliza kwa upole kama ziwa la Muleba halijashuka hata kidole, sisi tunalia nini.

Wiki ileile wakanijia, yule mtaalamu wa ng'ambo na bwana wa ofisi ya Bukoba. Alikuwa mtu wa kwanza wa nchi ile kufika kwetu na kalamu badala ya bunduki. Shemeji naye alikwisha kunusa habari, akatokea amevaa koti la kanisani. Niliwapa kahawa ya kutafuna.

"Kwa nini ziwa lako halishuki?" akauliza bwana wa Bukoba.

"Linashuka," nikasema. "Ndiyo maana naihamisha nguzo."

Akajifunika uso kwa viganja viwili. Shemeji akakohoa. "Nilisema mimi, waitu, mabwana. Andikeni barua ya kumfukuza, nami nitaipokea hapa hapa."

Yule mgeni alikuwa akitazama ufuko. Aliniuliza kwa lugha ya kwao, ambayo kwetu ni binamu wa Kihaya, "Mama, nani amepanda mipaka kwenye tope?"

Nikamweleza. Akaniuliza kila mmoja niliupanda lini. Nilijua yote. Ule wa kwanza ni Jumapili ya Matawi, wa pili ni ubatizo wa mtoto wa jirani, na kadhalika mpaka mashina yote saba. Alicheka mpaka akaketi juu ya mtumbwi. Kisha akaazima mpira wa maji wa fundi wa nyumba, ule wa kupimia usawa wa kuta, akapima kutoka shina hadi shina, jioni akawa na miezi saba yote kwenye karatasi.

"Huyu hajapoteza kitu," akamwambia bwana wa Bukoba. "Kwetu kuna msomaji tulimzika, na namba zake zikaendelea kuja miezi mitatu. Huyu mwache."

Wakaniacha. Shemeji alirudi Kanazi na koti lake, limeingia tope hadi mfukoni. Nguzo wakaishindilia kwa saruji, ubao ukiwa sawa na pale alipouweka marehemu, nikaapishwa nisiiguse tena.

Kesho yake alfajiri nikaenda kusoma. Mita moja na robo. Nikafungua daftari, nikaitazama namba ya marehemu, nikaandika yangu chini yake. Ilikuwa namba ya kwanza ambayo yeye hakuwahi kuijua. Nikakaa kwenye tope nikalia, mpaka wavuvi wangu wawili wakaja kuniuliza kama leo hakuna ndizi.