Kibao cha Njano Mbele

Mama Vibao alianza kutengeneza namba za magari enzi vibao vikiwa vyeusi, kila tarakimu ikigongwa kwa nyundo na jasho. Baadaye wakubwa wakaamua viwe vyeupe mbele, njano nyuma, ili gari linalokuja lijulikane na linalokwenda. Haya, yeye akanunua mashine mpya, nayo ikamla kidole cha shahada. Mume akaona mke wa vidole tisa ni nuksi, akatia mguu njiani. Mpumbavu mkubwa! Karakana ikabaki ya mama huyo na mdogo wake, fundi wa kupaka rangi, aliyemlea tangu akinyonya.

Mchana mmoja majambazi wawili waliingia. Mmoja alimshindilia mdogo mtu kitako cha bunduki mdomoni, meno yakaruka hadi kwenye ndoo ya rangi.

"Dada, wape tu!" alilia, damu zikimchuruzika.

"Vibao viwili, chapchap," jambazi alisema. "Huyu tunaondoka naye. Ukipiga kelele, utamzika."

Mama Vibao aliisogelea mashine kwa hasira, si kwa woga. Akaibana mashine, paa! paa! Akawapa vibao viwili, vyote vya njano. Majambazi hawakushtuka, nani hukagua namba kama si fundi na askari? Akawaza: polisi wataona njano mbele, watawasimamisha, mdogo wangu atashuka salama.

Walivifunga, wakamsukuma kijana wa watu kiti cha mbele, wakatimua vumbi.

Masikini mama, hakujua kwamba asubuhi hiyo majambazi hao walikuwa wameua askari kwenye benki, na wenzake sasa walikuwa wakiwasaka kwa risasi. Milio ya risasi ilisikika kutoka kwenye kizuizi cha polisi, karibu na soko. Mama Vibao alikimbia pekupeku, akipiga watu vikumbo.

Gari lilikuwa limetobolewa kila mahali. Majambazi walikuwa wamekufa, mmoja juu ya usukani, mwenzake kiti cha nyuma. Mdogo wake alikuwa kiti cha mbele, kifua wazi, macho yakimtazama dada yake bila kumwona.

"Shikamoo, mama," askari mmoja alisema, bado akihema. "Kibao kile ndicho kilichotuonyesha. Bila njano ile tungewapungia mkono wapite."

Mama Vibao alimzaba kofi, akamzaba la pili, kisha akaanza kujipiga mwenyewe usoni kwa ngumi, na askari wanne wazima wakashindwa kumshika mikono.